Trekta la babu, nyonga ya mama

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia usiku, wenzangu wakiwa wamelala, maana mchana siwezi kulisema jambo hili bila kuonekana mtoto. Mimi ni mwanamume wa miaka 51, nina mke na watoto watatu, na nimekosa usingizi kwa sababu ya trekta.

Ni Ferguson TE20, lile dogo la kijivu, la mwaka 1951. Babu alilinunua likiwa limeshatumika. Baba akalirithi, akalilimia mpaka kazi ikalizidi, kisha likawekwa bandani likakaa miaka 19, kuku wakitagia kwenye kiti chake. Nilipokuwa na miaka 25, baba aliniita akasema, "Twende tukalitazame." Tulilitazama kwa misimu miwili. Tulishusha injini, tukabadilisha ringi na vali, tukahangaika na kabureta hadi mama akatishia kutuhamishia kitanda hukohuko bandani. Siku lilipoguruma, baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuona chozi lake, hata tulipomzika babu.

Watoto wangu wote watatu wamejifunza kuliwasha wakiwa mapajani mwa babu yao. Unajua lenyewe halina kitufe cha stata. Unaisukuma fimbo ya gia kwenye herufi S, nalo linaamka. Baba aliweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakasukuma pamoja. Kisha akawasimulia, kwa mara ya mia, jinsi matrekta ya aina hii yalivyomfikisha mpanda milima Edmund Hillary Ncha ya Kusini mwaka 1958, yakiwa yamevishwa minyororo kwa ajili ya theluji.

Sasa mambo yamegeuka. Miezi saba iliyopita mama, ambaye ana miaka 78, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, siku hizi anatembea kwa fremu, tena polepole mno. Baba ana miaka 83. Miguu imemwishia nguvu, na husahau vitu vidogovidogo, ila akili bado ni yake. Dada yetu anakaa nao. Gharama za hospitali zimemaliza akiba yetu na deni limebaki. Bafu linatakiwa kutengenezwa upya, mama anahitaji kitanda cha kufaa, na usiku anahitajika mtu wa kuwasaidia.

Kwenye kikao cha familia kaka yetu mkubwa alisema, "Trekta limekaa tu. Liuzwe." Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu miaka kumi iliyopita baba alinishika bega mbele yao akasema, "Hili sasa ni lako." Nikajibu sawa. Ningejibu nini, Mjomba, na mama amekaa pale na fremu yake?

Kumbe kaka alikuwa ameshampata dalali. Anataka kulichukua wiki hii hii, fedha taslimu. Kaka anashauri tulipige rangi nyekundu ing'ae ili bei ipande. Na baba, anasema, tumwambie limepelekwa gereji, atasahau. Lakini kila Jumapili baba huniuliza kama nimelizungusha injini. Spana yake ya Ferguson anatembea nayo mfuko wa koti, na anapolala huiweka chini ya mto.

Binti yangu wa miaka 14 aliposikia, alitoka mezani bila kusema neno. Tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Naomba uniambie ukweli. Je, huku kusita kwangu ni ubinafsi? Na nikiliuza, nifanyeje ili nisije nikajuta?

Mwana wa Kati

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kusita si ubinafsi. Ungekuwa mbinafsi ungeshapata sababu kumi za kukataa, na barua yako haina hata moja. Hilo tuliache.

Kabla ya kukujibu nilifanya jambo la kizee: nilihesabu maneno. Trekta umelipa sehemu kubwa ya barua, kuanzia kuku hadi Ncha ya Kusini, na nimeifurahia kila sentensi. Dada yako umempa maneno manne. "Dada yetu anakaa nao." Sijui alikuwa na kazi gani kabla ya mama kuanguka. Sijui kama ana watoto. Sijui nani anamwinua mama saa nane za usiku akitaka kwenda haja, ingawa nadhani najua. Kwenye kikao chenu, trekta lilijadiliwa. Mgongo wa dada yako ulijadiliwa?

Nauliza kwa sababu swali lako la pili, la kutokujuta, linaanzia hapo. Bafu hutengenezwa mara moja, lakini usiku huja kila siku. Chukueni karatasi, ninyi wote pamoja na dada, mwandike mahitaji kwa safu mbili: yale ya kulipiwa mara moja na yale ya kila mwezi. Deni la hospitali, bafu na kitanda vitaingia safu ya kwanza, na hapo trekta linaweza kusaidia kweli. Msaidizi wa usiku, dawa, nepi za watu wazima zikihitajika, na kitu cha kumpa dada yako mkononi, hivyo ni vya safu ya pili. Safu ya pili haiendeshwi kwa kuuza kitu. Inaendeshwa na watu walio na kipato, kila mmoja akitaja kiasi chake na tarehe yake mbele ya wenzake.

Mkizichanganya hizo safu mbili, nakwambia kitakachotokea. Fedha ya trekta itaanza kwa kishindo, italipa msaidizi miezi kadhaa, kisha itakwisha. Mtabaki bila trekta, bila msaidizi, na dada yenu palepale alipokuwa, ila sasa kila mtu anaamini kwamba alishatoa mchango wake. Kaka yako namheshimu kwa kuwa amejitokeza, lakini hadi sasa anachokitoa si chake. Usigombane naye. Muulize tu kwa adabu, "Kaka, safu ya pili wewe nikuandikie ngapi?" Kisha unyamaze umsubiri ajibu.

Na kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri trekta liuzwe. Vishikio imara vya ukutani karibu na choo na mahali pa kuogea, mkeka usioteleza, taa ya kuwaka usiku kutoka kitandani hadi bafuni, na kiti cha kuogea: fundi mmoja anaweza kuvimaliza kwa siku moja au mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio juu ya miaka 60 ndio wengi zaidi. Mtu aliyeanguka mara moja yuko karibu zaidi na kuanguka tena, na bafu lililomwangusha mama yako bado liko vilevile baada ya miezi saba. Anzeni na hilo wiki hii, badala ya kumkimbilia dalali. Hospitali nayo, nendeni mkaombe kulipa kwa awamu, kwa maandishi. Wadai wengi hupendelea kidogo kidogo cha uhakika kuliko ahadi.

Sasa lile trekta lenyewe. Ninalipenda mno, kwa hiyo nivumilie nikikuvunja moyo kidogo. Ferguson TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na yaliyotoka yalizidi nusu milioni. Lile la Hillary lina historia yake. La kwenu lina historia yenu, na soko hailipii historia ya namna hiyo. Watu wanaoyapenda ni wengi na spea mpya bado zinatengenezwa, ndiyo maana yako mengi yanayonguruma hadi leo. Lakini kwa sababu hiyohiyo bei yake huwa ya wastani. Kwenye familia, kitu cha babu hupanda thamani kila kinaposimuliwa. Msipange matumizi kwa bei ya masimulizi. Tafuteni bei tatu: ya dalali wenu, ya mtu mwenye TE20 mwenzenu ambaye hana haja ya kununua, na ya mnada wa mashine za zamani za kilimo. Kwenye mnada ulizeni mapema wanakata asilimia ngapi, na kama mnaruhusiwa kuweka bei ya chini ambayo chini yake trekta halitoki.

Brashi ya kaka yako iwekwe chini. TE20 zilitoka kiwandani zikiwa za kijivu, na mpenzi wa matrekta akikuta nyekundu atajiuliza mnaficha nini, kisha atapunguza bei kwa gharama ya kuibandua. Lioshe, liondoe uchafu wa miaka, weka betri nzima, jaza upepo, badilisha oili. Basi. Matengenezo makubwa ya kufanya mauzo yawe mazuri mara chache hurudisha fedha yake.

Angalia kibao cha namba kilicho karibu na usukani. Kama kinaanza na TED, basi lenu ni la kuwasha kwa petroli na kuhamia mafuta ya taa likishapata moto. Mnunuzi anayejua ataichomoa oili na kuinusa, kwa sababu injini hizo zikitumiwa zikiwa baridi mafuta ya taa hupenya hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Atataka kuliwasha likiwa limepoa kabisa, kwa hiyo usilipashe moto asubuhi ukidhani unamsaidia. Ataweka mzigo nyuma, ataunyanyua kwa haidroliki, atazima injini na kutazama unashuka kwa kasi gani. Ile mikono mitatu ya nyuma inayoshika zana ndiyo iliyompa jina Harry Ferguson, mbunifu wa trekta hili, na mtu anayelinunua leo ananunua hiyo kama anavyonunua injini. Kasoro unazozijua zitaje mwenyewe, na uzipige picha. Utauza kwa mtu ambaye hatarudi na kelele. Kama bado mna plau au zana nyingine za Ferguson, zisiondoke bure kama nyongeza. Zina wanunuzi wake.

Kuhusu dalali wa wiki hii: mwenye haraka ni nani? Deni limesubiri miezi saba. Haraka ni yake, na haraka ya mnunuzi hulipwa na muuzaji. Na yeyote atakayenunua, trekta lisitoke bandani kabla benki haijathibitisha kwamba fedha imeingia. Akitokea mtu wa mbali anayetuma zaidi ya bei mliyokubaliana, halafu anakuomba umrudishie iliyozidi, mkate mawasiliano. Huo ni wizi wa kawaida kabisa.

Nimefika pagumu. Unasema baba alikushika bega akakwambia ni lako. Karatasi zinasema ni la nani? Nakisia bado zina jina lake, au hata la babu. Neno la baba mbele ya ndugu ni zito nyumbani, lakini mnunuzi mwangalifu atataka sahihi ya mwenye jina. Maana yake ni kwamba hadithi ya gereji, mbali na kuwa uongo, haiwezekani. Huwezi kumletea mtu karatasi asaini mauzo ya kitu ambacho umemwambia kiko kwa fundi.

Lakini hata kama ingewezekana, nisingekuruhusu. Nitakueleza kwa nini, na hili sijawahi kuliandika. Mama yangu alipougua, niliuza cherehani yake ili kulipia matibabu. Nikamwambia iko kwa fundi. Nilidhani atasahau. Kwa miezi miwili aliniuliza kila siku fundi anamaliza lini, akaanza kumlaani yule fundi, akaniambia niende nikaichukue hivyohivyo ilivyo. Nilikuwa namtazama mgonjwa akimkasirikia mtu asiyekuwepo. Ningemwambia ukweli, angekasirika siku moja, nami ndiye ningekasirikiwa, kama inavyostahili.

Mwambie baba yako. Usimwambie kwenye kikao, wala mbele ya kaka. Mpeleke bandani kwenye kiti cha kutembezea kama lazima, mkae wawili mlipokaa na ile ndoo. Anza na mama, usianze na trekta. Mwambie bafu, mwambie deni, mwambie usiku. Kisha muulize, nasema muulize, usimtangazie. Huenda atakushangaza. Mtu aliyeilisha familia shambani kwa trekta hilo anajua kuliko wewe kwamba ni chombo cha kazi, na kumtunza mkewe ni kazi. Inawezekana pia akakataa. Hapo utakuwa na jibu halali la mwenye mali, na ndugu wote mtalazimika kutafuta njia nyingine, jambo ambalo halitawaua.

Akikubali, mpe kazi. Aseme kipi kilibadilishwa na mwaka gani, ringi zipi, vali zipi, boliti ipi imefungwa kinyume kwa sababu aliyeifunga alikuwa na miaka 25 na haraka. Wewe uandike, na binti yako arekodi sauti. Karatasi hiyo itakuongezea bei kuliko rangi yoyote, maana mnunuzi wa mashine ya zamani hupenda kujua mkono uliopita. Rekodi haiuzwi. Siku ya kukabidhi, baba awepo akitaka, amwonyeshe mnunuzi ile S mwenyewe. Na baadaye akisahau, akikuuliza Jumapili kama umelizungusha injini, mjibu kwa ufupi: "Tuliliuza, baba, tukamtengenezea mama bafu." Mjibu hivyo kila Jumapili ikibidi.

Binti yako hahitaji hotuba. Mpe nafasi aliendeshe mara ya mwisho, na umweleze zile safu mbili kama mtu mzima. Amenyamaza kwa sababu aliona jambo likiamuliwa juu ya kichwa cha babu yake, na sidhani kama alikosea. Kama kuna ndugu au jirani mwenye uwezo wa kulinunua kwa bei ya haki, mfikirieni kwanza. Na yeyote atakayelichukua, mwombeni aandike kwamba siku akitaka kuliuza atawauliza ninyi kabla ya mtu mwingine. Wapenzi wengi wa mashine hizi hukubali. Na wao wana mabinti.

Lililobaki ni dogo. Ile spana. Ferguson aliibuni ilingane na nati nyingi za trekta na za zana zake, na wakulima waliitumia hata kupimia upana wa mfuo. Wakusanyaji wanaijua, na mnunuzi wako akiwa mjuzi ataiulizia, labda akiwa ameshafungua pochi, na kaka yako atakukodolea macho uende ukaichukue chini ya mto. Kwa hiyo iandikeni mapema kwenye mkataba, mstari wa peke yake: spana haimo kwenye mauzo.

Mjomba